Muvi ya vita vya Algeria imemvuruga dogo, nimjibu nini?

Habari zenu wakuu. Mtoto wa kaka yangu, ana miaka 17, yupo kwangu likizo, tumezoea kuangalia muvi za vita na swali lake la kwanza siku zote ni steringi nani. Juzi nikamwekea The Battle of Algiers, ile ya 1966 isiyo na rangi, nikajua atafurahi kuona Mfaransa anatolewa. Ikafika pale kina dada watatu wanajibadilisha, wanavaa kizungu, wanapita vizuizi vya askari na mabomu kwenye mikoba, dogo anashangilia kweli na mi nashangilia naye. Halafu kamera ikaingia mgahawani, watu wanakunywa zao, kuna katoto kanalamba aiskrimu. Dogo akanyamaza, akasema "ba'mdogo, asiliweke hapo." Lilipolipuka akainuka akaenda kulala. Tangu hapo kila siku ananiuliza wale ni wazuri au wabaya, na baba yake kanipigia analalamika namharibia mtoto. Nimwambie nini? Mi mwenyewe nilishangilia, hilo ndo linaninyima usingizi.

Mjukuu wa Tandale: Mkuu, muulize kama aliona la kabla ya hapo. Polisi wanatega bomu usiku Casbah, ule mtaa wa Waarabu pale Algiers, nyumba zinaangukia watu waliolala. Lilitokea kweli, Mtaa wa Thèbes, Agosti 1956, na yale ya migahawani ni 30 Septemba mwaka huohuo. Mrudishie zote mbili asikilize muziki, maiti za Waarabu na za Wazungu zinapigiwa muziki wa majonzi uleule.

Chuma cha Doto: Mi sikubaliani na kuweka mizani hivo. Mfaransa kaingia pale 1830, nani alimwalika? Mwambie dogo mwenye nchi ni mwenye nchi, basi.

Wa Kiambu: Chuma, haki ya nchi ni sawa, lakini swali la kijana ni la yule mtoto. Sisi huku Kenya tunalo letu, kijiji cha Lari, usiku wa 26 Machi 1953, Mau Mau walichoma nyumba za watu wa upande wa serikali ya mkoloni, wake na watoto wakiwa ndani, halafu askari na homugadi, wale walinzi Waafrika wa serikali, wakalipiza wakaua wengi sana. Nyanya yangu alitusimulia zote mbili, alikuwa analia kwa zote mbili, na bado Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, nyanya alimwita shujaa hadi anakufa.

Mama Nuru: Ongezea hili ba'mdogo. Anayeigiza Jafar, yule kiongozi wa wapiganaji kwenye muvi, ni Yacef Saadi, ndiye hasa aliyeongoza wapiganaji wa Algiers wakati wa yale mabomu, na ni mmoja wa waliotengeneza hiyo muvi. Angetaka, yule mtoto wa aiskrimu asingeonekana. Kamwacha tumwone. Usimpe dogo jibu la wazuri na wabaya, mwambie na wewe uliumia, hilo hajalisikia kwako.

Mwenye uzi: Asanteni sana, Mama Nuru umenigusa. Kumbe pale pa Casbah alikuwa anachati, hakuona kitu. Nimemwambia nami niliumia na naona aibu kwamba nilishangilia, akaniangalia muda mrefu. Kaka alianza kwa ukali ila amekubali, anakuja Jumamosi tuangalie wote watatu. Dogo kasema tuanze mwanzo kabisa, na simu ataiacha chumbani.