Mwanangu kakataliwa darasa la kwanza kwa mdomo, nikiomba barua ya kukataliwa nayo nanyimwa

Wakuu, heshima kwenu. Nina hasira, na sitasubiri ipoe ndiyo niandike, maana shule zimefunguliwa tangu Januari na mtoto wangu bado yuko nyumbani.

Binti yangu ametimiza miaka saba. Ana mtindio wa ubongo ulioshika upande wa kulia: mguu anauburuta, mkono hauna nguvu, na maneno yanamtoka polepole. Akili yake haina shida yoyote. Darasa la awali kasoma hapa hapa mtaani, anaunganisha silabi, anajumlisha na kutoa. Anaandika kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia anaulaza juu ya daftari lisiteleze. Hakuna aliyemfundisha hivyo, kajigundulia mwenyewe.

Shule ya msingi ya serikali iko karibu na kwetu, na kaka yake anasoma hapo hapo. Uandikishaji ulipotangazwa nilikwenda na cheti cha kuzaliwa. Mwalimu mkuu alipokea karatasi vizuri tu, akafungua rejista, akashika kalamu. Mtoto akaingia kutoka kwenye benchi la nje. Kalamu ikarudi mezani. "Mama, huyu hapa hatumuwezi. Mpeleke shule yenye kitengo." Hakumsalimia mtoto, hakumuuliza jina. Wakati ananieleza kwamba hataweza kwenda sambamba na wenzake, mtoto alikuwa amesimama nyuma yangu anasoma kwa sauti ratiba ya vipindi iliyobandikwa ukutani. Jumatatu, Hisabati. Jumatatu, Kiswahili. Mwalimu alimsikia, tulimsikia wote.

Shule yenye kitengo, yaani darasa la watoto wenye mahitaji maalumu, iko mbali, kufika ni kubadilisha magari, au alale bweni. Mtoto wa miaka saba ambaye kufunga vifungo vya shati bado anasaidiwa, ndiye niambiwe nimpeleke bweni wakati kengele ya shule naisikia nikiwa jikoni!

Sasa hapa ndipo penye dhuluma yenyewe. Nikasema sawa, nitakata rufaa. Nikaenda kwa Afisa Elimu Kata, akaniambia nirudi nikamalizane na mwalimu mkuu. Nikapanda halmashauri kwa anayehusika na elimu maalumu. Yule alinisikiliza, namshukuru kwa hilo, lakini akasema hawezi kuanza na maneno matupu, nilete barua ya shule inayoonyesha mtoto kakataliwa na kwa sababu gani. Nikarudi shuleni kuomba barua. Mwalimu mkuu akanijibu bila kupepesa macho: "Mimi sijamkataa mtoto wako, nimekushauri."

Mmeelewa mchezo huo? Jina halimo kwenye rejista, dawati hana, lakini kwenye makaratasi hakuna mtoto aliyekataliwa. Rufaa unaikatia nini? Wakubwa wakija kukagua watakuta shule safi, haina lalamiko hata moja. Ni wazazi wangapi wamepewa "ushauri" kama huu, wakamshika mtoto mkono wakarudi kumfungia ndani? Tunawajua, ni majirani zetu.

Na sheria ipo, siombi fadhila. Sheria ya Elimu ya Tanzania, Sura ya 353, kifungu cha 35 inasema mtoto aliyetimiza miaka saba ni LAZIMA aandikishwe shule ya msingi. Mzazi asiyempeleka mtoto shule anatishiwa mahakama. Mwalimu anayemzuia mlangoni anatishiwa na nani? Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010, kifungu cha 27, inataka mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, iwe ya umma au ya binafsi, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu. Binti yangu hahitaji lugha ya alama wala nukta nundu. Anahitaji kukaa karibu na ubao na kupewa muda wa kumaliza kuandika. Basi.

Najua mtaniambia madarasa yamejaa. Ni kweli, tangu elimu bila ada ianze 2016 watoto wamefurika, na ile hesabu ya mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 katika shule nyingi imebaki kwenye karatasi. Walimu wanateseka, silikatai hilo. Lakini wiki ile ile alipokataliwa wangu, watoto wengine wa mtaa huu waliandikishwa palepale. Darasa linajaa likimwona anayechechemea tu? Choo nacho walikitaja, eti hakina mahali pa kushikilia. Bomba la kushikilia nilisema nitanunua mimi na fundi nitamlipa mimi. Kimya.

Mwalimu mmoja alinivuta pembeni akaniambia lililo moyoni mwao: darasa la pili kuna upimaji wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), shule zinalinganishwa, na hakuna anayetaka mtoto wa kushusha wastani. Mtoto wangu anasoma! Mngempa kitabu dakika mbili mngejua. Hamkumpa.

Barua yangu kwa Mkurugenzi wa halmashauri imeshaandikwa, nakala kwa Afisa Ustawi wa Jamii na kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Nimeeleza tarehe, nani kasema nini, na nimeomba jibu kwa MAANDISHI, la kukubali au la kukataa. Naipeleka masijala na siondoki mpaka nakala yangu igongwe muhuri wa kupokelewa. Wazazi mlio kwenye hali hii fanyeni hivyo, msikubali kumalizwa kwa mazungumzo ya ofisini.

Aliyewahi kupata jibu la maandishi kutoka halmashauri kwa kesi ya namna hii, naomba anieleze lilichukua muda gani na liliandikwaje. Kama kuna mwanasheria humu, nifafanulie: Mkurugenzi akikaa kimya, hatua inayofuata ni ipi? Na wanaokuja kunishauri nimtafutie shule ya misheni au nimwachie Mungu, hapana. Nataka aandikishwe shule hii, anakosoma kaka yake.