Naomba ushauri: umeme ukikatika, kompyuta inarudi mwaka 2009

Habari zenu wakuu. Nina duka dogo la steshenari hapa Majengo, Moshi; natoa kopi, naprinti, najazia vijana maombi ya vyuo. Kompyuta ni ya mezani, mtumba. Umeme ukikatika tu, ikiwaka inasoma Januari 2009 na tovuti zote zinagoma, eti si salama. Wiki nzima nimelaumu bando, nikabadili laini, wapi!

Juzi binti mmoja kakaa na vyeti vyake mapajani, siku ya mwisho ya maombi, jasho linanitoka. Nikarekebisha tarehe kwa mkono, ukurasa ukafunguka hapo hapo. Jamani, nilifurahi! Tukatuma.

Sasa fundi anasema mazabodi, yaani ule ubao mkuu wa ndani ya kompyuta, imekufa, anataka laki na nusu. Nimefungua kava nikaona kibetri cha duara kimeandikwa CR2032, volti 3. Nahisi ndicho kimeisha, maana ndicho kinachotunza saa mashine ikizimwa. Nikikitoa, mafaili ya wateja yatapona? Na kuna cha kupanga upya baada ya kuweka kipya? Aliyewahi kubadilisha anielekeze tafadhali, vijana wanakuja kila siku.