Wauza pembejeo, kubadilisha jina la chupa si kubadilisha dawa!

Wakuu, heshima kwenu.

Ushauri unaotolewa kwenye maduka ya pembejeo umefika mahali pa kukemewa hadharani. Mkulima anarudi dukani akilalamika kwamba dawa ya magugu haiui tena. Anajibiwa, "Hiyo imeshazoeleka, chukua hii mpya, kali." Anatoa hela, anabeba. Sasa geuza hiyo chupa "mpya" usome maandishi madogo: glaifoseti, gramu 480 kwa lita. Na ile ya zamani? Glaifoseti, gramu 480 kwa lita. Rangi ya chupa nyingine, jina jingine, kiambato kilekile. Mkulima amelipia kitu kimoja mara mbili na shamba lake linazidi kuharibika. Huo ni wizi, tena wa mchana kweupe.

Tuelewane kwanza kinachotokea shambani. Gugu halizoei dawa kama mlevi anavyozoea pombe. Mmea uliopigwa haujifunzi chochote. Ila katika mamilioni ya mbegu zilizolala udongoni, huenda mbegu moja ina badiliko dogo la jeni linaloiwezesha kuhimili dawa. Miaka yote badiliko hilo halina faida. Siku unapopiga dawa, mengine yote yanakufa, hilo moja linabaki peke yake na mwanga, maji na mbolea uliyoyawekea mahindi. Linamwaga mbegu. Msimu unaofuata unapiga dawa ileile, na safari hii wanaobaki ni watoto wake. Dawa haitengenezi usugu, inauchagua, na kila unaporudia kiambato kilekile unaufanyia kazi ya kuchambua mbegu.

Mifano ipo. Glaifoseti inaua kwa kuziba kimeng'enya kiitwacho EPSPS, ambacho mmea unakihitaji kutengeneza baadhi ya asidi amino, yaani vijenzi vya protini zake. Malaysia mwaka 1997 iliripotiwa Eleusine indica, nyasi ndugu wa ulezi inayoota hata kwetu kandokando ya njia, isiyokufa kwa glaifoseti. Badiliko moja tu kwenye kimeng'enya lilitosha dawa isishike vizuri. Kule Georgia, Marekani, kwenye mashamba ya pamba, katikati ya miaka ya 2000, mchicha mwitu uitwao Amaranthus palmeri ulitumia njia nyingine kabisa: ulizidisha nakala za jeni ya kimeng'enya hicho, mimea mingine ikawa na zaidi ya nakala 100. Kimeng'enya kinakuwa kingi kiasi kwamba dozi uliyopiga haitoshi kukiziba chote. Na mmea jike mmoja unaweza kutoa mbegu laki kadhaa. Wakulima wenye matrekta makubwa walirudi kuajiri watu wa kupalilia kwa mkono.

Halafu kuna hawa wanaosema "weka kizibo kimoja kwa bomba, inatosha". Dozi ndogo inaacha hai magugu yenye uvumilivu kidogo kidogo. Yale yanayochavushana yanaunganisha uvumilivu huo kwa watoto, na baada ya vizazi vichache unapata kitu kisichokufa hata kwa dozi kamili. Kizibo hakijui mwendo wako wala tundu la nozeli yako. Pima eneo la mita 10 kwa 10. Jaza bomba maji matupu hadi alama, pita ukipiga kwa mwendo wako wa kawaida, kisha pima maji unayoongeza kurudi kwenye alama. Zidisha kwa 40 upate lita za ekari. Zikitumika lita 2, ekari inakula lita 80, yaani mabomba manne ya lita 20. Lebo ikisema lita 1 kwa ekari, kila bomba ni mililita 250. Hesabu hii inachukua dakika chache, na muuzaji asiyeweza kuieleza asiuze dawa.

Kabla hamjasema "sugu", kagueni shamba. Magugu ya kila aina yamepona kwa mistari? Ulirukaruka wakati wa kupiga au nozeli imeziba. Yamepona shamba zima? Angalia maji: glaifoseti inashikwa na udongo, kwa hiyo maji ya mfereji yenye tope yanaiua dawa humo humo kwenye bomba. Au mvua ilinyesha mapema, au magugu yalikuwa yamenyauka kwa jua na kujaa vumbi. Au dawa ni feki. Ukikuta aina moja tu imebaki, kwa mafungu, na mmea mzima umesimama pembeni ya mwenzake wa aina ileile aliyekufa, hapo ndipo pa kushtuka. Ng'oa hayo kabla hayajatoa mbegu.

Kubadilisha dawa maana yake ni kubadilisha namba ya kundi: dawa za kundi moja zinaua gugu kwa njia moja, hata zikiwa na majina tofauti. Glaifoseti ni kundi la 9, atrazini la 5, metolaklori la 15, 2,4-D la 4, nikosalfyuroni la 2. Kundi la 2 ndilo lenye aina nyingi zaidi za magugu sugu duniani, kwa hiyo msiligeuze kuwa la kila msimu. Na wenye mahindi yaliyochanganywa na maharage muwe macho: atrazini na 2,4-D zitaondoka na maharage yenu. Tafuta lebo inayotaja mazao yote mawili, isipotaja, usipige.

Hata mzunguko wa makundi hautoshi peke yake. Yapo magugu yanayoivunjavunja dawa ndani ya mmea kabla haijafika inapolenga, na hayo yanaweza kuhimili hata kundi ambalo shamba halijawahi kuliona. Dhidi ya hayo, jembe bado linahitajika.

NYONGEZA: Kwa mnaouliza kuhusu ndago, huo mara nyingi si usugu. Glaifoseti inashuka na chakula cha mmea hadi kwenye viazi vyake vya chini, lakini vile vilivyolala haiviui, navyo vinachipua baadaye. Piga ikiwa na majani ya kutosha, kabla ya maua, rudia machipukizi yakitoka, na kiangazi lima uvianike viazi juani.