Viazi mviringo: tupeane uzoefu, wa shambani na wa jikoni

Mama Ngaramtoni
Leo nimepita soko la Kilombero nikakuta viazi vimemwagwa juani, nusu vimeshakuwa vya kijani, na watu wanapimiwa ndoo kama kawaida. Jamani, ule ukijani siyo uchanga. Kiazi kikikaa kwenye mwanga kinaongeza solanini, sumu inayoleta uchungu mdomoni, tumbo na kutapika, na kukichemsha hakuiondoi. Mwanangu alishawahi kutapika usiku kucha kwa viazi vya namna hiyo. Hebu tupeane uzoefu, wa kulima, kuuza, kupika, chochote kilichokukuta.

Binti Majengo
Kweli kabisa mama. Mimi cha kijani natupa chote.

Kijana wa Siha
Umenikumbusha mbali, mama. Nililima ekari mbili huku Engare Nairobi, msimu wa masika. Viazi vilikuwa vimefunga mistari, shamba zima maua, wapita njia wanasimama kuangalia. Ndipo ukungu wa mlimani ukashuka na haukutoka. Saa sita mchana majani bado yanachuruzika maji. Asubuhi moja nikageuza jani, juu lina baka jeusi, chini utando mweupe. Dawa nilikuwa nimepiga kwa zamu zake zote, niliyouziwa dukani ikiwa na lakiri yake. Haikuzuia kitu. Kabla wiki haijaisha, harufu ya kuoza unakutana nayo njiani, shamba hujaliona. Mama watoto alisimama kwenye tuta ameshika jembe, hasemi neno. Pale chini kulikuwa na ada, deni la mbegu na hela ya vibarua. Tukachimba hivyo hivyo. Kiazi kizima kwa nje, ukikata ni kahawia ndani. Vile vichache vilivyopona, dalali akaja na lumbesa, gunia limeshonewa kofia ya wavu, anataka kulipa kama gunia moja. Nikamwambia alete mzani. Akawasha pikipiki akaondoka. Mpaka leo nikiona ukungu umekaa mlimani, chakula hakipiti.

Mkaanga Chipsi Sakina
Pole sana kaka. Nimesoma mara mbili.

Meku wa Marangu
Pole kijana. Ila masika na viazi ni kutafuta balaa. Subiri mvua zikate, ulime kwa mfereji.

Kijana wa Siha
Meku, mfereji huo uko kwenu Marangu. Huku kwetu maji ni ya kugombania.

Dada wa Tengeru
Tusimlaumu aliyeumia. Wauza dawa feki ndio wa kuulizwa!

Bwana Shamba Arumeru
Feki zipo, lakini hata dawa halisi ina mipaka yake. Huo ni ugonjwa wa bakajani chelewa, ndio ulioleta njaa kubwa kule Ireland kuanzia 1845. Unapenda baridi na unyevu. Dawa ya mankozebu inakinga jani ambalo bado halijaugua, haiponyi lililougua, na mvua ikiiosha unarudia. Mbegu nayo ni nusu ya vita: ulizieni zile zinazostahimili, kama Asante na Sherekea, msipande masalia ya sokoni.

Dada wa Tengeru
Mimi kilichonimaliza ni mnyauko. Mmea mbichi kabisa, mchana umelala.

Bwana Shamba Arumeru
Dada, kata shina, lisimamishe kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, ni bakteria, hakuna dawa. Ng'oa, choma, na usirudishe hapo viazi, nyanya wala bilinganya. Panda mahindi misimu kadhaa.

Meku wa Marangu
Au panda migomba, upumzike na presha.

Binti Majengo
Kwenye migomba hapo nina swali. Wifi yangu anaweka viazi kwenye mtori, anasema unakuwa laini. Ni sawa?

Meku wa Marangu
Hapana! Mtori ni ndizi mshare na nyama. Hiyo ni supu ya viazi.

Mama Ngaramtoni
Meku, viazi viwili vinamdhuru nani? Mzazi aliyetoka kujifungua anakunywa vizuri tu.

Meku wa Marangu
Mzazi ndiye hasa anayestahili mtori wenyewe.

Mkaanga Chipsi Sakina
Mkimaliza ugomvi, nami niseme langu: msiweke viazi vya chipsi kwenye friji. Baridi inageuza wanga kuwa sukari, ukikaanga vinakuwa vyeusi na vichungu, mteja anadhani mafuta ni ya juzi. Weka gizani, pakavu, penye hewa.

Mgeni Oldonyosambu
Samahanini wakubwa, naomba msaada wa haraka. Viazi vyangu vimeshakomaa, na leo nimeona mabaka kama aliyosema kaka wa Siha. Nichimbe kesho?

Kijana wa Siha
Chimba leo leo, usisubiri!

Bwana Shamba Arumeru
Hapana, usichimbe. Kata majani yote, yatoe nje ya shamba uyachome au uyafukie. Pandishia udongo viazi vilivyo wazi. Kaa kama wiki mbili ngozi ikomae na vimelea vilivyobaki juu vife, kisha uchimbe siku ya jua.

Mgeni Oldonyosambu
Asante sana. Panga lipo, vibarua nawapigia sasa hivi.