Familia ya Arua: vidonge vya Rehema

Mama Mdogo Zaina: Assalam alaykum wanangu. Rehema ana mimba ya wiki tisa, alhamdulillah. Lakini ameacha vidonge vyake vya tezi ya shingo.

Rehema: Naogopa vitamdhuru mtoto. Nitaendelea nikishajifungua.

Shangazi Mariamu: Bora hivyo. Sisi tulizaa bila vidonge. Mtafutieni mumbwa, ile dawa ya mitishamba ya wajawazito.

Nesi Hawa: Shangazi, shikamoo. Kwa heshima yote, hapa siwezi kunyamaza. Rehema, usiache levothairoksini, hivyo vidonge vyako! Ni homoni ileile ambayo tezi yako imeshindwa kutengeneza ya kutosha. Na huyo mtoto bado hana yake. Tezi ya mtoto huanza kutengeneza homoni karibu wiki ya 12, na kushika kazi sawasawa ni mpaka wiki ya 18 au 20 hivi. Sasa anategemea yako tu, na ndipo ubongo wake unajengwa.

Rehema: Ubongo, dada?

Nesi Hawa: Ndiyo mdogo wangu. Mama asipotibiwa, mimba inaweza kutoka, presha ikapanda, mtoto akazaliwa kabla ya siku zake au na uzito mdogo, hata akili yake ikachelewa. Wanaomeza dawa vizuri na kupimwa, wengi wao huzaa watoto wazima kabisa. Tena dozi ya zamani mara nyingi haitoshi, mimba hudai kama asilimia 25 hadi 50 zaidi. Usijiongezee mwenyewe. Rudia ile ya kawaida leo, kesho upimwe TSH, kipimo cha damu cha tezi, daktari apange dozi. Baada ya hapo kipimo kila wiki nne mpaka katikati ya mimba.

Kaka Issa: Kituo chetu cha afya kinapima hiyo?

Nesi Hawa: Vituo vidogo mara nyingi hapana. Aende hospitali ya rufaa hapa mjini, ikishindikana maabara ya binafsi.

Shangazi Mariamu: Na vile vidonge vya damu vya kliniki, anywe pamoja?

Nesi Hawa: Hapana shangazi, na hilo ndilo linaloniuma. Akina mama wanabugia vyote asubuhi, dawa ya tezi inapotea bure. Hiyo imezwe kwa maji matupu kabla ya kula, asubiri nusu saa hadi saa moja ndipo anywe chai. Vidonge vya damu na vya kalsiamu vikae mbali nayo kwa muda wa saa nne. Mumbwa nao una udongo, unaweza kunasa dawa tumboni. Naomba asipewe.

Wifi Sauda: Mimi tezi yangu inazidisha homoni, natumia kabimazoli kuipunguza. Na tunatafuta mtoto.

Nesi Hawa: Wifi, muone daktari KABLA hujashika mimba. Kabimazoli katika miezi mitatu ya kwanza inaweza kumletea mtoto kasoro, mara nyingi hubadilishwa kwa dawa nyingine ya tezi iitwayo PTU. Usiiache kivyako. Nitakupigia jioni.

Kaka Issa: Rehema, pesa ya kipimo na ya boda nimeituma.

Rehema: Imefika kaka, asante. Shangazi, utanisindikiza?

Shangazi Mariamu: Saa moja asubuhi niko mlangoni kwako. Chukua na boksi la dawa, daktari alione.