Wapiga picha wa harusi, kamera mnazo, kupanga picha hamjui!

Wakuu, nimekaa na hili donge wiki nzima, leo nalitoa.

Harusi ya mdogo wangu tulimlipa mpiga picha laki nane. Akaja na kamera mbili, droni na vijana wawili. Bibi yetu miguu inamsumbua, tulimtoa kijijini kwa basi, tukamshika mikono huku na huku mpaka mbele apige picha na maharusi. Picha yake ni hiyo hiyo moja. Sasa iangalieni: kilemba chote kimekatwa pamoja na paji la uso, nguzo ya hema imeota juu ya kichwa cha bwana harusi, na nusu nzima ya chini ni zulia tupu. Zulia limepata nafasi kuliko bibi!

Namuuliza, ananijibu, "Kaka, watu walikuwa wengi." Hiyo nguzo ilikuwepo tangu asubuhi. Angesogea hatua moja kushoto ingetoka nyuma ya kichwa. Angeinua kamera kidogo kilemba kingeingia. Hata simu za kawaida zina ile mistari ya kugawa kioo vyumba 9. Unaiwasha, macho ya mtu unayaweka karibu na mstari wa juu, kichwa unakiachia upenyo, basi. Kanuni hiyo ya theluthi, yaani kugawa picha mara tatu kwa urefu na kwa upana, John Thomas Smith wa Uingereza aliiandika mwaka 1797 kwa ajili ya wachoraji, upigaji picha wenyewe haujavumbuliwa!

Video ndiyo imenimaliza. Baba anamuusia binti yake, wamekaa wanatazamana. Kamera moja imewekwa upande huu, nyingine upande wa pili. Matokeo yake baba anatazama kulia, binti naye anatazama kulia, utadhani wote wawili wanaongea na mtu mwingine kabisa. Vuta mstari kutoka kwa baba hadi kwa binti, kamera zote ziweke upande mmoja wa mstari. Ni somo la mwanzo kabisa kwa anayeshika kamera ya video. Mama analia pale, mimi nashindwa hata kufuata nani anaambiwa nini.

Halafu anajitetea kwa wingi, eti flashi ina picha zaidi ya elfu moja. Mpiga picha Seydou Keïta wa Bamako, Mali, aliyefungua studio mwaka 1948, kwa kawaida alimpiga mteja picha moja tu kwa sababu filamu ilikuwa ghali. Alimpanga mtu kwanza, uso ukae vipi, mkono ukae wapi, nyuma kuna nini, ndipo anabonyeza.

Waliowahi kudai fedha zao kwa kazi ya namna hii, mlifanyaje? Mkataba wetu umetaja idadi ya picha tu.

Bibi kapiga simu tena leo asubuhi, anaulizia picha yake ya kutundika ukutani. Nimemwambia bado inasafishwa.