Mausi na kibodi za Bluetooth zinanigomea kila nikihama Windows kwenda Ubuntu, naomba ushauri

KijanaWaKuze
Assalam aleikum wakubwa kwa wadogo. Nina laptopu yangu yenye mifumo miwili ya kuiendesha, Windows na Ubuntu. Nimenunua seti ya mausi na kibodi za Bluetooth hapa mjini. Nikiziunganisha Windows, shwari. Nikizima nikawasha Ubuntu, hazishiki mpaka nizifute niziunganishe upya. Nikirudi Windows, huko nako zimegoma. Na pale mwanzo kwenye menyu ya kuchagua mfumo, kibodi haijibu kabisa. Nisaidieni, Jumatatu haiko mbali.

MjaTudor
Futa Windows, ubaki na Ubuntu. Mimi tangu niifute hata antivirasi nimesahau inafananaje.

BiSwafaa
Angalia betri kwanza mwanangu. Hewa ya bahari hapa kwetu haina huruma. Mausi yangu ilinyamaza ghafla, nikafungua kifuniko nikakuta springi imeota unga mweupe, betri imevuja. Nilichukua pamba, siki matone mawili, nikasugua polepole nikaiacha ikauke vizuri. Mpaka leo natumia. Na ukisafiri toa betri, usiziache ndani.

DadaLikoni
Bi Swafaa umesema kweli kuhusu safari. Mimi kibodi yangu ilikuwa imeunganishwa na simu, nikaisahau kuizima nikaitia begini, tumebanana kwenye feri. Kufika ng'ambo nikakuta kundi la ukoo limetumiwa kurasa nzima za "kkkkkjjjj" na shangazi anauliza nimepatwa na nini.

KijanaWaKuze
Shukran Bi Swafaa, ila betri ni mpya.

FundiGanjoni
Betri haihusiki. Mausi ya Bluetooth ikiunganishwa na kompyuta, pande mbili zinakubaliana ufunguo wa siri, kila mmoja anauhifadhi. Adapta ya Bluetooth iliyo ndani ya laptopu ina anwani moja tu, uwe Windows au Ubuntu, kwa hivyo mausi yaona inazungumza na mtu yule yule. Ukiiunganisha upya Ubuntu, ufunguo mpya unaufuta ule wa Windows. Ni kama mwenye nyumba aliyebadilisha kufuli ukiwa kazini: mlango ni ule ule, ufunguo ulio nao mfukoni ndio haufai tena.

Dawa ipo. Unganisha Ubuntu kwanza, kisha Windows, halafu usiguse tena. Nenda kwenye rejista ya Windows, pale inapoweka mipangilio yake, HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\BTHPORT\Parameters\Keys, chukua ufunguo uunakili kwenye faili iitwayo info iliyo ndani ya /var/lib/bluetooth huko Ubuntu, kisha washa upya huduma ya Bluetooth. Hapo kwenye rejista hata admin (msimamizi wa kompyuta) wa kawaida haoni kitu, lazima uingie kwa haki za SYSTEM, yaani za Windows yenyewe, programu ya PsExec itakusaidia. Kama mausi ni ya Bluetooth LE, ile isiyokula betri sana, kazi huongezeka: kuna namba zaidi za kunakili, LTK, EDIV na wenzao, na anwani ya mausi yenyewe huweza kubadilika ukiunganisha upya, basi na folda uibadilishe jina.

Menyu ya mwanzo ni jambo jingine. Pale hakuna mfumo ulioamka wa kuiendesha Bluetooth. Tumia kibodi ya laptopu.

KijanaWaKuze
Laptopu huwa naifunga, natumia skrini kubwa. Hakuna njia isiyotaka admin?

FundiGanjoni
Kompyuta ni yako, admin ni nani tena? Basi isome rejista ukiwa Ubuntu, ifungue diski ya Windows halafu utumie programu ya chntpw.

KijanaWaKuze
Ile diski haifunguki nikiwa Ubuntu. Inataka ufunguo wa tarakimu nyingi.

NahodhaMtongwe
Tarakimu 48? Hiyo BitLocker, kufuli la diski la Windows. Yakhe, laptopu hiyo ya nani?

FundiGanjoni
Nami nilitaka kuuliza hilo.

KijanaWaKuze
Ya ofisini. Nafanya kwa watu wa kutoa mizigo bandarini. Lakini msinifikirie vibaya, Windows yao sijaigusa hata unywele. Ubuntu iko kwenye SSD, diski ya nje, jioni nachomeka nasoma kozi yangu ya programu, asubuhi nachomoa. Laptopu inalala kwangu, stima nalipa mimi, na kazi za ofisi nazifanya hata Jumapili. Ila Jumatatu fundi wa kampuni anakuja kuzikagua zote. Na saa ya Windows sasa inarudi nyuma masaa matatu. Bosi ameshaniuliza mbona hati niliyoitayarisha saa tano asubuhi inaonyesha saa mbili, na saa mbili mimi sijafika.

UstadhKisauni
Kitu cha kazi ni amana, ndugu yangu. Kukilaza nyumbani kwako hakukifanyi chako. Nenda kamwambie bosi kabla fundi hajamwambia.

ChekaMtwapa
Kumbe Jumatatu haikuwa na habari na mausi 😂😂

NahodhaMtongwe
Mimi siiamini hadithi hii. Akaunti ya juzi. Kwanza laptopu "yangu", mara ya ofisi, mara SSD imezuka, kila swali linazaa kitu kipya. Na mtu asiye na admin aliiwekaje Ubuntu kwenye mashine ya kampuni? Ama ni huyo fundi wao anatega watu, ama ni mtu ametunga ili uzi uvimbe.

MjaTudor
Hata mimi. Mtu wa kutoa mizigo hana wakati wa Ubuntu.

DadaLikoni
Kwani watu wa bandarini hawasomi?

FundiGanjoni
Kuwasha kutoka USB hakuhitaji admin wa Windows, bora BIOS, programu inayoiamsha mashine, haina paswadi. Na Ubuntu inakubalika hata Secure Boot, ule ulinzi wa kukataa mifumo isiyoidhinishwa, ikiwa imewashwa. Kwa hivyo yawezekana. Kijana, andika amri ya lsblk -f, inaorodhesha diski, ubandike jibu lake tuone.

KijanaWaKuze
Haya, sda ni SSD ya nje, nvme ni diski ya laptopu:

sda1 vfat
sda2 ext4 /
nvme0n1p1 vfat
nvme0n1p2
nvme0n1p3 BitLocker

Mmeridhika?

ChekaMtwapa
Umeshtakiwa kwa uongo, ukajitetea kwa kuleta ushahidi wa kosa 😂

NahodhaMtongwe
Nimekubali hukutunga. Bora ungekuwa umetunga.

FundiGanjoni
Tumalize. Saa: Ubuntu huiweka saa ya mashine kwa UTC, saa ya kimataifa, Windows huisoma kama saa ya hapa, na sisi tuko UTC+3, ndiyo hayo masaa matatu. Ukiwa Ubuntu andika timedatectl set-local-rtc 1. Itakuonya kidogo, wachana nayo.

Mausi: bila admin, ufunguo wa Windows huupati, sahau hiyo njia. Tafuta mausi yenye chaneli, moja Windows, ya pili Ubuntu, kila chaneli hutunza ufunguo wake. Ama chukua ya kidude cha USB, ile ya 2.4 GHz. Mausi inazungumza na kidude, mfumo haujui lolote, na kibodi yake inafanya kazi hata kwenye menyu ya mwanzo. Ila usikichomeke ubavuni mwa hiyo SSD. USB 3 hutoa kelele kwenye mawimbi hayo hayo ya 2.4 GHz, Intel walishalieleza tangu 2012, utaona mausi inarukaruka ukadhani mbovu. Tumia waya wa kuongezea, kidude kikae mbali kidogo.

KijanaWaKuze
Allah akuzidishie. Hiyo ya kidude nilishailipia kwa M-Pesa kabla ya kufungua uzi, naifuata kesho. Hiyo amri ya saa nimeiandika sasa hivi. Na fundi simwambii kitu, SSD nitaiacha nyumbani, hatakuwa na la kuliona.

UstadhKisauni
Sasa ulikuja kuuliza nini?

KijanaWaKuze
Habari ya mausi, Ustadh. Kichwa cha uzi kiko wazi.

UstadhKisauni
Na zile hati za saa mbili bosi ameshaziona.

KijanaWaKuze
Nitamwambia ni mtandao.

BiSwafaa
Hiyo seti ya Bluetooth utaiuza? Mjukuu wangu ana Windows peke yake. Niko Bombolulu, na usinipige bei ya mtalii.